Kuku Bandani, Mbwa Mlangoni



Usiku mmoja wa mvua za masika tulipoteza kuku 11. Hawakuibwa. Asubuhi tuliwakuta bandani, shingo zimenyofolewa, na ni mmoja tu aliyekuwa ameliwa, naye nusu. Wazee wa jirani waliitazama kazi ile wakasema ni kanu au fungo, kwa kuwa nguchiro wa kwetu hutembea mchana. Shamba letu lililo nyuma ya Tiwi ni la ekari mbili tu: minazi, mihogo, mbuzi wachache na kuku wa kienyeji. Kuku hao ndio waliokuwa wakilipa ada ya madrasa ya watoto.

Hapo ndipo lilipozuka neno la mbwa, na nyumba ikagawanyika. Bibi yetu, mama mzaa baba, hakutaka hata kulisikia. "Mbwa kwenye ua wangu? Nitaswali wapi mimi?" Hatukumjibu, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikwenda kwa ustadhi wetu, naye akatukumbusha yale ambayo wengi tuliyasoma utotoni kisha tukayaacha nusu: kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kufuga mbwa bila haja, akavua mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani hii, mate na umajimaji wa mbwa ni najisi nzito, na pahali palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu, hapana najisi. Kisha ustadhi akaongeza swali lililotunyamazisha: "Ruhusa mmeipata. Na haki za mnyama mwenyewe mmezijua?"

Tulidhani tunazijua. Tulipewa mtoto wa mbwa na mchunga mbuzi mmoja, kwa zawadi, kwa sababu bei ya mbwa nayo ina makatazo yake. Tukamfunga kwa kamba fupi chini ya mkorosho mbali na banda, tukamtupia makoko ya sima jioni, tukangoja alinde. Alipotimiza miezi saba alikata kamba, akaingia katikati ya kuku, akaua watatu.

Majirani walisema mbwa aliyeonja damu haponi. Mmoja alitushauri tumfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze, ati atakoma. Hilo hatukulifanya, na wala hatumshauri mtu: ni mateso, na halimfundishi mnyama jambo lolote. Afisa wa mifugo alipokuja alituuliza swali moja tu: mbwa huyu amewahi kukaa na kuku? Hajawahi. Basi kwake kuku walikuwa kitu kinachokimbia, na kinachokimbia hufukuzwa.

Mbwa wa kulinda mifugo hafundishwi kama mbwa wa kuwinda. Huzoeshwa. Kule Sivas, nchini Uturuki, wachungaji huwalea mbwa wao wakubwa waitwao Kangal pamoja na kondoo, na huwavisha shingoni mkanda wa chuma wenye miiba ili mbwa mwitu wasiwakabe. Lakini hatuna haja ya kuagiza mbwa wa manyoya mazito aje ateseke na joto la kaskazi. Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani hulinda kondoo wao kwa mbwa chotara wa kawaida kabisa, ambao siri yao ni kulelewa zizini tangu wadogo. Umri unaofaa kuanza ni wiki nane hivi. Na kuku ni wagumu kuliko mbuzi, kwa kuwa hupiga mbawa na kukimbia, na mbwa kijana hudhani ni mchezo. Wafugaji wenye uzoefu humpa mbwa takriban miaka miwili kabla ya kumwachia kuku peke yake.

Sisi tulianza upya tukiwa tumechelewa. Kila asubuhi na jioni, wakati wa kuwalisha kuku, mmoja wetu alimleta kwa kamba ndefu, akamketisha kando ya banda. Akitulia husifiwa. Akiruka huambiwa "La!" kwa sauti kavu, naye hurudishwa nyuma. Kupiga hapana. Ilituchukua miezi minane, na siku nyingine tulikata tamaa.

Tulimjengea kibanda cha makuti karibu na banda la kuku na mbali na mlango wa nyumba, kwenye kivuli. Ana chungu chake cha maji, ambacho hakiingii jikoni. Chakula chake ni sima iliyochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi, maana huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Anayemhudumia huvaa leso kuukuu au kanzu ya kazi, na kando ya bomba tumeweka ndoo ya udongo safi. Bibi ndiye aliyeidai ndoo hiyo, na ndiye anayeikagua.

Liko jambo ambalo kina mama tunaogawa nyama ya Idi Kubwa hatuna budi kuliangalia. Maini na mapafu yenye vifuko vya maji yasitupiwe mbwa mabichi. Ndani yake mna viluwiluwi vya tegu ambao hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yao hutoka na kinyesi chake. Mtoto akila kwa mikono michafu, uvimbe wa maji huweza kumea katika ini lake pole pole kwa miaka. Vichemshwe mpaka viive kabisa, au vifukiwe shimo refu asiloweza kufukua. Mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, hata ikiwa ni mkwaruzo tu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua. Dalili zikishaanza kwa mtu, tiba huwa imepitwa.

Kuku nao wana adui ambaye mbwa hamwoni. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kikiingia huweza kumaliza banda zima kwa siku chache: kuku husinzia, huharisha kijani, wengine hupinda shingo. Hakina dawa, kina kinga tu. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo nyumba sita za mtaa wetu hununua chupa moja kwa kuchangiana, huibeba ndani ya barafu, na kila baada ya miezi mitatu tunazunguka banda kwa banda alfajiri kuku wakiwa bado ndani: tone moja jichoni, basi. Utitiri tunaupunguza kwa kubadilisha matandiko ya viota, na tumewawekea kuku shimo la mchanga na majivu wajipukute humo.

Banda tumelijenga upya, limeinuliwa juu ya nguzo, na wavu wa matundu madogo umeshuka hadi ardhini na kufukiwa. Mbwa hawezi kuziba tundu. Tangu hapo, usiku hatujapoteza kuku hata mmoja. Mchana mwewe bado hutuibia vifaranga, kwa kuwa mbwa wetu hutazama vichakani, hatazami juu. Kwa hao tumerudia desturi ya Bibi, tenga lililofunikwa chini ya mwembe, na mama yao ndani.