Kabla hujanunua mashine ya kukatia vitunguu

Hapa Richardson tulianza vibaya. Tulinunua mashine ndogo ya vikombe 3, bei chee. Jumapili ya kwanza kilo mbili za vitunguu tukazijaza mara kumi, mota ikaanza kunuka.

Ndugu, kama unapika mchuzi na maharage ya wiki nzima, tafuta ya vikombe 11, hata mtumba. Iwashe dukani kabla ya kulipa, kagua kisu na mfuniko. Bei ya kwenye lebo ongezea kodi, 8.25%.

Vitunguu bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukikandamiza tu vinageuka uji, na uji haukaangiki. Ukishaivisha, gawa kwenye vyombo vifupi na uingize friji ndani ya saa 2. Cha siku 3 kiache hapo, kingine friza.

Hesabu yetu: chakula cha kununua saiti dola 12, mara siku 5, ni 60. Cha kubeba hakikufika 20. Kwa mwezi zinabaki kama 160, karo hiyo.

Ila mashine yenyewe usiitume nyumbani. Ni ya volti 120, soketi ya Nairobi ni 240, itaungua siku hiyo hiyo. Mama mtumie hela anunue huko huko.