Hadaa ya VPN ya Bure

Tangu nianze kuhudumia kompyuta za steshenari za Temeke, kuanzia Tandika na Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu, sijapata kumaliza juma zima bila ya mtu kuniinamia begani na kuninong'oneza, kwa sauti ya mwenye kuomba dawa ya siri, maneno haya haya: "Fundi, niwekee VPN ya bure basi, intaneti ikimbie." Nimeyajibu kwa upole, nimeyajibu kwa mzaha, na siku moja, Mungu anisamehe, niliyajibu kwa ukali mbele ya wateja waliopanga foleni ya fotokopi, na madhali swali lenyewe halikomi, nimeona afadhali nilijibu mara moja kwa maandishi, ili atakayeliuliza tena nimwonyeshe ukurasa huu nami niendelee na kazi yangu.

VPN wanayoniomba huja kama kiendelezi cha kivinjari. Kivinjari ni nini, msomaji anajua. Na kwamba kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi ambayo hakikuzaliwa nayo, hilo pia halina haja ya somo. Ninalotaka alishike ni kwamba kiendelezi hukaa ndani ya kompyuta, ilhali kasi anayoitamani hutoka nje, katika minara na nyaya za mtandao wake. Hivyo kiendelezi chaweza kupunguza mzigo unaoletwa mlangoni, lakini kuipanua njia unakopita mzigo huo hakiwezi, hata kikipewa jina la kasi na kuchorwa picha ya roketi.

Sasa tuitazame VPN yenyewe, maana ndiyo inayosifiwa kupita viendelezi vyote. Kazi yake ni kuyafunga mawasiliano yako katika bahasha na kuyapeleka kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine, aghalabu Ulaya au Marekani, ndipo yatoke huko kwenda yanakotakiwa. Mtu wa Mbagala anayetaka kwenda Tandika, akishauriwa apande gari mpaka Bunju, ateremke, kisha ndipo ageuze kuielekea Tandika, na kwamba kwa njia hiyo atafika mapema, atamwona mshauri wake kuwa amepungukiwa na akili. Walakini mtu huyo huyo huambiwa kwamba ukurasa uliohifadhiwa hapa hapa Dar es Salaam utamfikia upesi zaidi ukipitia Amsterdam, naye akatoa shukrani. Dar es Salaam na Amsterdam zimeachana kwa zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya za baharini hazikunyooka. Nuru ndani ya uzi wa kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu, pasipo foleni wala kusubiri, ni sehemu 7 katika 100 za sekunde. Ni kitambo kidogo, lakini ukurasa mmoja wa habari hutuma maombi kadhaa wa kadhaa kabla haujakamilika, na baadhi yake hungoja mengine yajibiwe kwanza. Tena tunacho mjini mwetu kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, kiitwacho TIX, kilichowekwa makusudi ili mawasiliano ya mtandao mmoja wa nchini na mwenzake yasilazimike kutoka nje ya nchi. Mwenye VPN ya bure huyatoa nje kwa hiari yake, kisha hulalamika kwamba yamechelewa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikazorota pamoja na ya majirani, nilitarajia kwamba watu watapumzika kuniuliza, maana habari ilitangazwa kila mahali kuwa tatizo liko chini ya bahari. Sivyo ilivyokuwa. Waliongezeka. Kijana mmoja aliniambia kwamba rafiki yake wa Kinondoni ameweka VPN na kwake mambo ni shwari, nami nikamwuliza hiyo VPN ya rafiki yake inapita angani au ndani ya nyaya zile zile. Hakunijibu, wala sidhani kwamba aliniamini.

Insafu yanidai nikiri jambo moja: pale ambapo mtandao umebana huduma moja makusudi na kuziacha nyingine, handaki la VPN laweza kukwepa kubanwa huko, na mtumiaji akaona nafuu ya kweli. Hiyo ni habari ya kufungiwa, na habari ya kufungiwa ina sheria zake. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajiorodheshe hadi tarehe 30 ya mwezi huo, na atakaye kujua haki yake na wajibu wake katika jambo hilo amwendee mwanasheria, si fundi wa kompyuta. Mimi nimeulizwa habari ya kasi, nami najibu habari ya kasi.

Lau madhara yangeishia kwenye kuchelewa, nisingepoteza wino wote huu. Kompyuta za mbali zinazopokea mawasiliano ya mamilioni ya watu hulipiwa umeme, kodi ya nyumba na mafundi, na asiyekudai senti moja kwa gharama hizo ana mahali pengine anapozirudisha. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa imepachikwa katika vivinjari vya mamilioni ya watu, iliwageuza watumiaji wake kuwa mapito ya mawasiliano ya wageni, na mapito hayo yakiuzwa kwa wenye fedha chini ya jina la Luminati. Maana yake, mtu aliyekusudia kuokoa bando lake aliligawa kwa watu asiowajua, na ovu lolote walilolitenda wageni hao lilionekana kutoka nyumbani kwake.

Wala si VPN peke yake. WOT kilikuwa kiendelezi cha kumwonya mtu juu ya tovuti mbaya. Mwezi Novemba 2016 shirika la utangazaji la NDR la Ujerumani likafichua kwamba mlinzi huyo alikuwa akikusanya habari za kila tovuti aliyoingia mtumiaji na kuziuza. The Great Suspender kilipendwa kwa haki kabisa, kwa sababu kilizilaza kurasa zisizotumika na kuipa nafuu kompyuta yenye kumbukumbu ndogo; mwenyewe akakiuza mwaka 2020 kwa mnunuzi asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi ndani yake. Waliokuwa nacho hawakuwa wamebadilisha kitu. Waliamka asubuhi na kile walichokipachika jana kikiwa kimepata bwana mwingine.

Hapo ndipo penye uzito kwetu sisi wa steshenari. Viendelezi vingi vya namna hii huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kilichomo katika kila ukurasa, na mtu hubofya kukubali kama anavyokubali salamu. Atasema ameona alama ya kufuli juu ya ukurasa. Kufuli hiyo huilinda barua ikiwa njiani. Kiendelezi kimeketi mezani pako, barua imekwisha kufunguliwa, nacho kinaisoma pamoja nawe. Katika steshenari moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja, niliwahi kukuta viendelezi 11 katika kompyuta moja, vitatu vikiwa VPN, na mwenye duka hajui ni nani aliyeviweka. Na kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa ikijazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, maombi ya ajira za serikali na taarifa za kitambulisho cha NIDA, kila mteja akiitaja nywila yake kwa sauti huku karani akiichapa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sijui steshenari hata moja iliyoibandika ukutani, ingawa bei ya lamination nimeiona kila mahali.

Basi cha kuweka ni nini? Kizuizi cha matangazo, na karibu hicho tu, maana ndicho kinachopunguza mzigo kweli kweli: kurasa za udaku na za mikeka ya kubeti hubeba picha, video na hati za wafuatiliaji nyingi kuliko habari zenyewe. Chukua uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, ambaye hata mchango hapokei; Firefox hukipokea kizima, na Chrome, baada ya kubadili kanuni zake, sasa hukubali nduguye mdogo, uBlock Origin Lite. Katika simu ya Android, Chrome haina viendelezi, lakini Firefox imevifungulia mlango tangu Desemba 2023. Atakaye kuhifadhi nywila aweke Bitwarden, katika mashine yake mwenyewe, kamwe si ya steshenari. Mwenye bando dogo kabisa atumie Opera Mini, ambayo huzibana kurasa kabla hazijamfikia, ila asifanyie humo mambo ya benki, kwa kuwa mbanaji naye hupitisha mzigo mikononi mwake. Ukijaza fomu dukani, omba dirisha fiche, na usimamie lifungwe. Viendelezi viwili au vitatu vyatosha, na kila kimoja ukijue jina na sababu yake.

Nanyi wenye steshenari, kabla ya msimu ujao wa maombi ya mikopo, fungueni orodha ya viendelezi katika kila kompyuta mliyo nayo, na msichokijua kiondoeni siku hiyo hiyo. Kazi hiyo haichukui dakika 5, wala haihitaji kuniita mimi.