Miti ya Bonsai Iliyoshushwa Kutoka Majabalini

Mnamo mwezi wa Januari mwaka 2019 wezi waliingia katika bustani moja ya mkoa wa Saitama, kaskazini ya mji wa Tokyo, nchini Japani, wakaondoka na miti 7. Hawakuhitaji shoka wala msumeno, kwa kuwa miti hiyo yote ilikuwa imepandwa vyunguni. Mmojawapo ulikuwa mreteni wa aina iitwayo shimpaku, uliokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 400, na kimo chake kilikuwa kiasi cha mita moja tu. Thamani ya mti huo peke yake ilitajwa kuwa zaidi ya yen milioni 10. Wenye bustani walipotangaza habari ya wizi huo hawakuishia kudai mali yao irudishwe. Waliwasihi wezi wainyweshe miti maji, kwani shimpaku ule usingeweza kukaa zaidi ya juma moja bila ya kunyweshwa.

Ni mti gani huo uliowapita umri mababu wa mababu, nao waweza kuwekwa juu ya meza? Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni aina ya mti ulio mfupi kwa asili yake. Sivyo. Mbegu ya msonobari uliomo chunguni ni ile ile ya msonobari wa msituni, na mti wa bonsai ukihamishiwa ardhini huanza tena kurefuka kama wenzake. Neno lenyewe ni la Kijapani: bon ni sinia au chungu kipana kisicho na kina kirefu, na sai ni kupanda. Wajapani waliupata ustadi huu kutoka China, ambako picha zilizochorwa mnamo mwaka 706 ukutani mwa kaburi la mwana wa mfalme aitwaye Li Xian zinaonyesha mtumishi akibeba sinia lenye mawe na miti midogo.

Mtu aweza kuanza bonsai kwa mbegu, au kwa kipande cha tawi, kisha akangoja miaka 20 au 30. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kwenda mlimani kuutafuta mti ambao umekwisha kudumazwa na maisha magumu. Wajapani huiita yamadori, yaani kutwaa mlimani.

Yafaa ieleweke jinsi mlima unavyoifanya kazi hiyo ya kudumaza. Mbegu huangukia katika ufa wa mwamba, penye udongo wa kujaza viganja viwili. Mizizi hukosa nafasi na chakula. Kila majira ya baridi theluji hulala juu ya matawi na kuyakandamiza chini. Upepo huyavunja machipukizi yanayothubutu kuinuka. Mawe yanayoporomoka huchubua gome. Mti hauna budi kuiacha sehemu moja ya mwili wake ife ili nyingine iishi. Ndiyo sababu mireteni ya majabalini huwa na shina lililokauka likawa jeupe kama mfupa, na ubavuni mwa mfupa huo hupita ukanda mwembamba wa gome hai, lenye rangi ya kahawia, linalouunganisha mzizi na tawi. Ukanda huo ukikatwa, tawi lile hufa. Sehemu iliyokauka haiozi upesi, kwa sababu ya utomvu uliomo ndani yake. Mti wa namna hiyo hunenepa kidogo mno kila mwaka, hata shina lenye unene wa kifundo cha mkono laweza kuwa limepita miaka 100. Hakuna fundi, awe hodari namna gani, awezaye kuimaliza kazi hiyo yote kwa kisu na waya katika maisha yake, na hapo ndipo zinapotoka bei kama ile ya Saitama.

KAMBA JUU YA GENGE

Shimpaku ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wa milima ya Afrika ya Mashariki, ule ambao mbao zake zenye harufu nzuri zilitumiwa kutengenezea penseli. Wapenzi wa bonsai wa Japani walianza kuupenda sana kuelekea mwisho wa karne ya 19, ulipoletwa kutoka katika majabali ya mlima Ishizuchi, kisiwani Shikoku. Ulipoadimika huko, wachimbaji walitafuta kwingine, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaukuta ulio bora zaidi katika milima ya Itoigawa, mkoani Niigata, upande wa Bahari ya Japani. Huko mlima Myojo una ukuta wa mawe ya chokaa unaosimama wima, mamia ya mita juu ya mto. Majani ya mireteni ya ukuta ule ni membamba, yameshikana vizuri, na rangi yake ni ya kijani kilichokolea. Hata leo jina la Itoigawa likitajwa mbele ya mtunza bonsai hupandisha bei.

Waliofanya kazi ya kuichimba walijifunga kamba, wakateremshwa kutoka juu ya genge, wakawa wananing'inia na vyombo vyao vya kuchimbia. Askari aliyewahi kufundishwa kushuka mwamba kwa kamba anajua kwamba kushuka peke yake ni kazi tosha. Watu hawa walikuwa na kazi ya ziada: kuufungua mzizi ufani mwa jiwe bila ya kuukata, na kuupandisha mti ukiwa mzima, usichubuke lile gome lililobaki. Baadhi yao walianguka, na kifo cha mchimbaji kwenye majabali yale hakikuwa jambo la ajabu. Wale waliorudi salama waliiuza miti yao kwa wafanya biashara, nayo ikaenda kupambwa katika bustani za watu waliokuwa hawajawahi kuliona genge lenyewe.

Hata hivyo haitakuwa haki kuwasifu wachimbaji kwa ushujaa bila ya kutaja hasara waliyoiacha nyuma. Mti wa miaka 300 hung'olewa kwa asubuhi moja, na anayetaka mwingine mahali pale pale hana budi kungoja miaka 300. Baada ya vizazi vichache tu vya wachimbaji, majabali yaliyoweza kufikiwa yalibaki karibu matupu. Siku hizi nchini Japani kuna sheria ya hifadhi za asili, iliyotungwa mwaka 1957 kuchukua mahali pa ile ya mwaka 1931, ambayo katika sehemu zilizolindwa hairuhusu mtu kuondoa mimea bila ya kibali. Lakini sheria ilikuta kazi kubwa imekwisha fanyika.

Kilichobaki ni uzao. Matawi ya mireteni ile ya Itoigawa yamekatwa na kuoteshwa, na watoto hao wameoteshwa tena, hata vitalu vimejaa miti iliyo sawa kabisa na mama zake waliokuwa majabalini. Mafundi wengine huchukua shina la mreteni wa kale wenye majani mabaya, wakaliunganisha na vitawi vya Itoigawa, na baada ya miaka kadhaa majani yote huwa mapya juu ya shina lile lile la zamani.

KIJIJI CHA WATUNZA MITI

Mnamo tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji wa Tokyo pamoja na Yokohama, na moto uliofuata ukamaliza yaliyosalia. Watu waliokufa walizidi 100,000. Watunza bonsai wa Tokyo waliamua kuondoka. Walitafuta mahali penye udongo mzuri, maji safi na hewa isiyo na moshi, wakahamia Omiya katika mkoa ule ule wa Saitama, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao. Walijiwekea masharti yao wenyewe: kila mkazi awe na miti isiyopungua 10, lango lake liwe wazi kwa wageni, nyumba isiwe ya ghorofa, na ua uwe wa mimea. Ghorofa ilikatazwa kwa sababu huizuilia miti ya jirani jua na upepo. Jirani huyo hakika alifikiriwa vizuri kuliko ilivyo desturi mijini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kazi hiyo ilihesabiwa kuwa anasa. Vijana waliitwa jeshini, mikono ya kunyweshea ikapungua, na miti mingi iliyotunzwa kwa vizazi ikakauka. Vita vilipokwisha mwaka 1945, waliofika mapema kuizuru Omiya na kutaka kujifunza walikuwa maofisa wa jeshi la Marekani na wake zao. Leo bustani zilizobaki kijijini ni chache, lakini tangu mwaka 2010 pana makumbusho maalumu ya bonsai ambayo mtu yeyote aweza kuingia na kuitazama miti hiyo kwa karibu.

MTI HUHAMISHWAJE?

Katika nchi zenye majira ya baridi, mti wa mwitu huchimbwa mwishoni mwa baridi, macho yakiwa yamevimba bila ya kufunguka. Kwanza hutakiwa kibali cha mwenye ardhi au cha idara ya misitu. Asiye nacho ni mwizi kama wale wa Saitama. Kisha mchimbaji huutikisa mti taratibu. Ukitikisika pamoja na udongo wake, basi mizizi yake iko karibu na juu, nao waweza kutolewa. Usipotikisika, na mzizi mkuu umezama ndani ya mwamba, mchimbaji mwenye busara huuacha mahali pake, hata kama ni mzuri kuliko yote aliyoiona.

Mtu asiye na haraka huigawa kazi hii katika miaka miwili. Mwaka wa kwanza huchimba handaki dogo kuuzunguka mti, akakata mizizi minene kwa msumeno mkali, akalijaza handaki mchanga au udongo mwepesi, kisha akaenda zake. Mti huota mizizi myembamba karibu na shina, na hiyo ndiyo inywayo maji. Mwaka wa pili hukata sehemu iliyobaki na kuutoa pamoja na donge lake la udongo. Donge lisivunjwe, kwa kuwa ndani yake kuna kuvu wasaidiao mizizi kupata chakula. Hufungwa kwa gunia bichi, likakazwa kwa kamba lisichezecheze njiani.

Nyumbani, mti hautiwi katika chungu kizuri. Hutiwa katika sanduku la mbao lenye matundu chini, pamoja na vipande vidogo vya mawe mepesi ya volkeno vilivyochekechwa, ili maji yapite upesi. Shina hufungwa imara sandukuni, maana kila likitikiswa na upepo mizizi mipya hukatika. Huwekwa mahali pasipo na jua kali wala upepo, na majani hunyunyiziwa maji.

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea. Mreteni uliokufa hubaki wa kijani kwa majuma mengi, pengine miezi, kama kwamba haukupatwa na jambo. Mwenyewe huuona umekubali, akaukata na kuupinda kwa furaha, na siku moja majani hugeuka manjano yote pamoja. Alama ya uzima ni machipukizi mapya yanayorefuka, si rangi ya kijani iliyotoka nayo mlimani. Kwa hiyo mafundi huuacha mti wa mlimani miaka miwili au mitatu bila ya kuugusa kwa mkasi, ndipo waanze kuyapinda matawi kwa waya wa shaba au wa alumini, kidogo kidogo. Waya hutolewa kabla haujazama katika gome.

Shimpaku na misonobari hukaa nje mwaka mzima. Mjapani huingiza mti ndani siku chache tu, mgeni anapokuja, akautoa tena. Akina mama wanaoununua mti kama huo na kuuweka juu ya kabati la sebuleni wasishangae unapokauka.

Katika nchi za joto wapenzi wa bonsai hawana haja ya kuyapanda majabali. Huko India na Indonesia hutafuta mikuyu ya mwitu inayoota penye nyufa za kuta, juu ya mapaa na katika mifereji ya mvua, baada ya ndege kudondosha mbegu. Mkuyu wa namna hiyo ungeng'olewa hata hivyo, maana mizizi yake hupasua saruji, na kabla ya hapo ukuta umekwisha kuudumaza kama mwamba ulivyoudumaza mreteni. Tena ukoo huu ni mgumu kufa. Hapa Uganda mkulima wa Buganda hukata tawi nene la mutuba, ule wa nguo za magome, akalichomeka ardhini likaota.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, mkuyu mdogo wa ukutani hutolewa mwanzo wa mvua, pamoja na mizizi yote inayoweza kupatikana. Majani hupunguzwa, na utomvu mweupe hufutwa, usiguse macho, kwa kuwa huwasha. Hupandwa katika karai la zamani au bati lililotobolewa chini, lenye kokoto ndogo na udongo kidogo, ukakaa kivulini na kunyweshwa kila udongo unapoanza kukauka. Majani mapya yakishatoka na kukomaa, husogezwa juani hatua kwa hatua. Familia ikipata uhamisho kwenda kambi nyingine, karai hupakiwa juu ya lori pamoja na sufuria, likifunikwa gunia bichi kuukinga mti na upepo wa njiani.