Istilahi za Pambo la Kati Katika Uundaji wa Vyombo

Mafundi wa pwani yetu wamepamba vyombo vyao tangu kale. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilichorwa macho omoni, na baadhi ya majahazi yalitiwa nakshi. Maneno mawili yalitosha: rangi, ambayo hupakwa juu ya mbao, na nakshi, ambayo huchongwa ndani yake. Siku hizi ipo njia ya tatu. Pambo hulazwa juu ya mbao, kisha hufunikwa kwa faibaglasi na epoksi. Kwa kuwa halikupakwa juu wala halikuchongwa, twapendekeza liitwe pambo la kati.

Yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe. Tuseme fundi ana karakana Vingunguti, Dar es Salaam. Umbali wa bahari haumzuii, kwani mtumbwi wa mbao nyembamba huundwa nchi kavu, kisha hubebwa hadi majini. Husawazisha mbao kwa msasa, hupaka epoksi, ndipo hulaza pambo: karatasi nyembamba yenye mchoro, au hata kipande cha kanga. Sharti ni kwamba kitu hicho kinywe epoksi. Plastiki laini haifai, kwa kuwa epoksi haiishiki vyema. Wino nao hujaribiwa kwanza pembeni, maana mwingine huchuruzika. Juu yake hutandazwa kitambaa cha kioo na kuloweshwa epoksi. Kitambaa hicho ni cheupe kikiwa kikavu, lakini kikilowa hupotea machoni, kwa sababu kioo na epoksi hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Mwisho hupakwa vanishi yenye kinga ya jua, kwani jua huiharibu epoksi iliyo wazi.

Hapa mfasiri hukabiliwa na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni neno mkeka. Nyuzi za kioo huuzwa kwa namna mbili: zilizofumwa, na zilizokatwa vipande vifupi na kugandishwa pamoja ovyo. Kiingereza huiita namna hii ya pili kwa neno lenye maana ya mkeka. Kwetu mkeka ni kitu kilichosukwa. Basi msomaji akiambiwa “mkeka wa kioo” atadhani ni ile namna iliyofumwa. Kosa hili lina gharama, kwani gundi ya nyuzi hizo kwa kawaida huyeyuka katika poliesta, si katika epoksi. Pambo litafunikwa na ukungu mweupe. Twapendekeza kitambaa cha kioo kwa namna ya kwanza, na tandiko la kioo kwa ya pili.

Mtego wa pili ni ile dawa ya kugandisha. Madukani, kinachotiwa katika poliesta na kinachotiwa katika epoksi huweza kuitwa kwa jina moja, ingawa kazi zao ni mbali. Katika poliesta, dawa hiyo huamsha mgando. Hutiwa kidogo, kwa kawaida sehemu 1 au 2 kwa 100, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Hiyo ni kichocheo. Katika epoksi, dawa huungana na resini na kuwa sehemu ya kitu kimoja. Hupimwa kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa mfano 2 kwa 1 au 5 kwa 1. Hiyo yafaa iitwe kigumishi. Anayezidisha kigumishi akitaka epoksi iwahi kukauka atabaki na chombo chenye kunata, na pambo haliwezi tena kutolewa.

Fundi asiyesoma Kiingereza hutegemea tafsiri iliyobandikwa kwenye kopo. Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967, istilahi zimesanifiwa kwa ajili ya watu kama yeye. Basi kabla ya kuipitisha istilahi, hapana budi ipelekwe karakanani isomwe kwa sauti. Ikiwa fundi atapima sawasawa kwa kuisikia tu, istilahi hiyo imefaulu.