Usiihukumu Injini Kabla ya Kuipima

Tuseme ni asubuhi ya siku ya soko huko Kingi, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ukungu bado umelala mabondeni, ng'ombe wamekwisha kutoka kwenda malishoni, na kando ya njia limesimama gari dogo la mizigo. Limepakiwa magunia ya viazi ya majirani sita, pamoja na jibini za kupelekwa Goma. Mwenye gari ageuza ufunguo. Injini yawaka, lakini yatetemeka kama mtu mwenye homa. Gari laanza kupanda kilima, na kabla ya kufika nusu yake laishiwa nguvu. Abiria washuka, magunia yashushwa, na majirani sita wainamisha vichwa.

Kijana mmoja fundi aja, asikiliza kidogo, atikisa kichwa. "Baba," asema, "injini hii imekufa. Haina kompresio. Tafuta nyingine."

Maneno ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa. Injini nyingine ni bei ya ng'ombe wawili, na ng'ombe hao wawili ndio karo ya watoto wake ya mwaka mzima. Je, awauze?

Hadithi hii ni ya mfano tu, wasomaji wapenzi, lakini jambo lenyewe hutokea mara nyingi mahali penye magari. Twapenda kueleza leo kompresio ni nini, hupoteaje, na fundi mwenye akili huitafutaje, ili mtu asiuze mali yake kwa sababu ya neno lililosemwa kwa haraka.

Bomba la baiskeli

Chukua bomba la kujazia baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Utaona mambo mawili. Kwanza, hewa iliyobanwa yakisukuma kidole kwa nguvu. Pili, ukisukuma mara nyingi, bomba lapata joto. Lakini ngozi iliyo ndani ya bomba ikichakaa, utasukuma mchana kutwa na tairi halijai, kwa maana hewa yapita pembeni na kurudi ilikotoka.

Silinda ya injini ni kama bomba hilo, na pistoni ndiyo inayopanda na kushuka ndani yake. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kutengeneza injini ya kazi nne, na kazi hizo ndizo zinazofanywa hata leo na injini nyingi za magari. Pistoni yashuka na kuvuta hewa na petroli. Yapanda na kuvibana. Cheche ya plagi, ambayo mafundi wa Kongo huiita buji kwa kufuata Kifaransa, yawasha moto, na moto huo waisukuma pistoni chini. Kisha pistoni yapanda tena na kutoa moshi. Kazi ya pili, ile ya kubana, ndiyo kompresio. Ikikosekana, moto hauna nguvu, na gari haliwezi kupanda kilima.

Katika injini nyingi za petroli hewa hubanwa mpaka nafasi yake ipungue mara 8 hadi 11. Katika injini za dizeli hubanwa zaidi, mara 16 hadi 22 hivi. Rudolf Diesel, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893 na kuonyesha injini iliyofaulu mwaka 1897, hakutegemea cheche kabisa. Alijua kwamba hewa ikibanwa sana hupata joto la kutosha kuwasha mafuta. Ndiyo sababu dizeli iliyopoteza kompresio hukataa hata kuwaka, hasa asubuhi ya baridi.

Njia nne za hewa kutoroka

Hewa iliyobanwa hutafuta pa kutokea. Njia ya kwanza ni ringi za pistoni, ambazo ndizo ile ngozi ya bomba. Zikichakaa, au silinda yenyewe ikilika, hewa hushuka chini kwenye oili. Njia ya pili ni valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Isipofunga sawasawa, hewa hupita. Njia ya tatu ni gasketi iliyo kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Njia ya nne ni ufa katika kichwa cha injini, au tundu katika pistoni.

Tazama basi. Magonjwa ni manne, na bei ya kuyaponya haifanani hata kidogo. Kurekebisha nafasi ya valvu huenda ikawa kazi ya saa moja au mbili, bila kununua kitu. Kubadili ringi ni kufungua injini nzima. Fundi asemaye "haina kompresio" kisha akanyamaza, ni kama daktari amwambiaye mtu "wewe u mgonjwa" na kwenda zake.

Tena, si kila injini inayotetemeka imepoteza kompresio. Huenda plagi imechakaa, waya umekatika, au petroli ina maji. Kwa plagi iko njia nyepesi: toa ile ya silinda unayoishuku, uitie katika silinda nyingine. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, umekwisha kumpata mkosaji.

Fundi mzee apima

Turudi Kingi. Mwenye gari ana mashaka, amwita fundi mzee. Mzee abadilisha plagi kwanza, ugonjwa hauhami. Kisha azuia cheche, amwambia mwenye gari azungushe starta, naye asikiliza. Starta ya injini nzima huzunguka kwa mlio ulio sawa. Silinda moja ikiwa dhaifu, kila zamu yake inapofika starta yaruka kwa wepesi, kama mtwangaji aliyekosa kinu. Mzee asikia kuruka huko. Sasa atoa kipimo chake cha kompresio, chenye uso kama wa saa na mshale.

Kazi hii ina taratibu zake. Injini iwe imepata joto. Betri iwe na nguvu, maana starta ikizunguka polepole namba zitasema uongo. Plagi zote hutolewa, na cheche na petroli huzuiwa zisifike, ili mvuke wa petroli usishike moto. Kisha kipimo hufungwa katika tundu la plagi ya kwanza, mtu mmoja hukanyaga akseleta mpaka chini ili hewa iingie yote, na starta huzungushwa mpaka mshale usipande tena, pengine mizunguko mitano au sita ya kubana. Namba yaandikwa, kisha silinda ya pili, mpaka zote ziishe.

Mzee aandika ubaoni kilo kwa kila sentimita ya mraba: 9.5, kisha 9.3, kisha 3, kisha 9.4.

Kijana aona na kufurahi. "Mzee, si nilisema? Kitabu cha gari chasema isipungue 10. Zote nne zimepungua! Injini nzima imekufa."

Mzee acheka. "Mwanangu, aliyeandika kitabu hicho alipima chini, karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko wapi?"

Hapa ndipo penye siri ambayo watu wa milimani wasiisahau. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mahali pengi katika Masisi hupita mita 2,000. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwenye mita 2,000 uzito wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ule wa pwani. Pistoni haiwezi kubana hewa ambayo haikuivuta. Injini ambayo pwani ingeonyesha kilo 12, kwenye mita 2,000 huonyesha 9 na nusu hivi, nayo ni nzima kabisa. Ukiipeleka injini ile ile Walikale, katika misitu iliyo chini ya mita 1,000, mshale utapanda tena bila kugusa msumari hata mmoja.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hapimi silinda kwa kitabu tu. Huzipima pia silinda kwa silinda wenzake. Zikikaribiana, tofauti isizidi kumi au kumi na tano kwa mia, hakuna sababu ya hofu. Moja ikianguka mbali na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Na zikianguka mbili zilizo jirani, mara nyingi gasketi imeungua kati yao.

Kumwuliza mgonjwa

Sasa mzee ajua kwamba ni silinda ya tatu. Lakini ugonjwa ni upi? Atia oili safi, kijiko kidogo kimoja, katika tundu la plagi, apima tena. Oili huziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na silinda. Namba ikipanda sana, ringi zina makosa. Hapa mshale wabaki kwenye 3. Basi si ringi.

Mzee aileta pistoni ya tatu juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha apitisha hewa katika tundu la plagi kwa mashine ya kujazia matairi. Awaambia wote wakae mbali na feni na mikanda, maana hewa yaweza kuizungusha injini ghafla. Kisha asikiliza. Hewa ikilia kwenye kabureta au kichujio cha hewa, valvu ya kuingiza yavuja. Ikilia kwenye tundu la kutilia oili, ni ringi. Mapovu yakitokea katika maji ya rejeta, ni gasketi au ufa. Hapa hewa yalia nyuma ya gari, ndani ya bomba la moshi. Ni valvu ya kutolea moshi.

Afungua kifuniko cha juu. Kati ya valvu na mkono unaoisukuma pahitajika nafasi ndogo sana, isiyotimia nusu milimita. Kadiri valvu inavyogonga kiti chake mwaka baada ya mwaka, huzama kidogo na nafasi hiyo hupungua. Mzee ajaribu kuingiza bapa lake jembamba la kupimia. Haliingii hata kidogo. Nafasi imekwisha, kwa hiyo valvu haifiki kitini pake. Airekebisha, apima tena: 9.1.

Kijana anyamaza. Mwenye gari alipa kazi ya asubuhi moja, na ng'ombe wawili wabaki malishoni.

Lakini tusidanganyane. Kama oili ingaliipandisha namba, huenda kijana angalikuwa karibu na kweli, na gharama ingalikuwa kubwa. Tofauti ni kwamba mwenye gari angaliuza ng'ombe kwa kujua, si kwa kukisia. Tena, kama angaliendelea kuendesha hivyo mwezi mzima, valvu ingaliungua. Valvu ya moshi hupoa hasa inapokaa kitini pake. Isipokaa, moto huila ukingo wake, na hapo marekebisho hayatoshi tena.

Mashauri kwa wenye magari

Mwenye dizeli na awe mwangalifu. Injini yake hubana kwa nguvu kubwa, kilo 25 hadi 35, kwa hiyo yataka kipimo chake maalumu. Wala usitie oili katika silinda zake kwa kujaribu, kwa maana nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili haibaniki. Mkono wa pistoni waweza kupinda.

Tena, linda kichujio cha hewa. Njia za Goma na Sake zimepita juu ya mawe ya volkeno, na Nyiragongo ilitoa moto wake mpaka Goma mwaka 2002, tena ukafika ukingoni mwa mji mwaka 2021. Vumbi la mawe hayo ni kama msasa. Kichujio kikipasuka, vumbi hilo huingia silindani na kula ringi kila siku, nawe huoni kitu mpaka moshi wa buluu utokee nyuma.

Mwisho, kumbuka kwamba injini pia husaidia kulizuia gari linaposhuka mlima likiwa katika gia. Likishuka bila gia, breki huachiwa kazi yote. Katika miteremko ya Masisi hilo si jambo dogo.

Katika nchi iliyochoshwa na vita tangu miaka ya 1990, gari moja zima ni mali ya wengi: ya mwenye viazi, ya mwenye jibini, ya mgonjwa anayepelekwa hospitali. Basi fundi akikuambia kwamba injini yako imekufa, usimkasirikie, wala usiende kufungua zizi. Mwulize kwa upole: "Ndugu yangu, silinda ipi? Umepata namba ngapi? Na hewa yatokea wapi?" Fundi wa kweli atafurahi kujibu.