Mitihani ya Uhasibu na Majira ya Hoteli

Katika nyumba za kupanga zilizo karibu na Kona ya Musa, kandokando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, wanaishi makarani wengi wa hoteli za Diani, ambao mchana huandika ankara na risiti za watu wengine, na usiku, baada ya chakula na sala, hufungua vitabu ili siku moja nao wahesabiwe miongoni mwa wahasibu kwa haki ya sheria. Swali waulizalo aghalabu ni hili: je, yamkini mtu kufanya kazi ya mshahara na kuikamilisha taaluma hii kwa wakati mmoja, ama hapana budi aache moja ili aipate nyingine? Jawabu langu ni kwamba yamkini, na kazi yenyewe ni sehemu kubwa ya mafunzo, lakini kwa sharti kwamba mwanafunzi aipange mitihani yake kwa kufuata majira ya kazi yake.

Mitihani yenyewe husimamiwa na KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969, na mtaala wake wa zamani ulikuwa na masomo 18 yaliyogawanywa katika sehemu 6. Mtaala wa mwaka 2021 umeyapanga masomo katika ngazi 3, ya msingi, ya kati na ya juu, na kila moja ya ngazi mbili za kwanza ina masomo 6. Alama ya kufaulu ni 50 kwa 100. Ifahamike pia kwamba kufaulu mitihani pekee hakumpi mtu ruhusa ya kujiita mhasibu aliyesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 inamtaka kwanza akubaliwe kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1978, ndipo aweze kuandika herufi za CPA(K) baada ya jina lake.

Sasa tuyatazame majira. Zamani mitihani ilifanywa mwezi wa Mei na mwishoni mwa mwaka, na mwezi wa Mei, mvua za masika zinapomwagika na bahari ikachafuka kwa kusi, ulikuwa mwezi wa raha kwa karani wa Diani, maana hoteli nyingi hubaki na wageni haba, na nyingine hufunga milango kabisa na kuwapa watumishi wake likizo. Siku hizi vikao ni vitatu, Aprili, Agosti na Desemba, na mtu aijuaye Pwani ya Kusini atatambua mara moja uzito wa jambo hili: Aprili aghalabu ina Pasaka, Agosti ina wageni wa Ulaya pamoja na jamaa za Nairobi walioshuka na watoto wao wakati shule zimefungwa, na Desemba ina Krismasi. Ratiba iliyomfaa karani wa benki ya Nairobi, kwa kumwongezea nafasi ya tatu kila mwaka, imemwekea karani wa hoteli mtihani wake katika miezi ile ile ambayo mwajiri wake hataki kusikia habari ya ruhusa.

Dawa yake ni kuitumia miezi ya upungufu wa wageni kwa kusoma, hata kama haina mtihani. Mei na Juni ndiyo miezi ya kuyashika masomo mazito, ili Julai ikiisha, asibakiwe na jambo ila kufanya marudio na kujibu maswali ya mitihani iliyopita. Na barua ya kuomba siku za mtihani wa Agosti iandikwe mwezi huo huo wa Mei, meneja akiwa ametulia, na akumbuke kuomba siku ya safari pia ikiwa kituo chake kiko Mombasa, kwa sababu foleni ya feri ya Likoni haimngojei mtahiniwa. Septemba na Oktoba zimtayarishe kwa kikao cha Desemba. Kikao cha Aprili mimi ningemshauri akiache, kwani kuanzia Januari hadi Machi huwa ameelemewa na wageni wa kaskazi na wakaguzi wa hesabu za mwaka uliofungwa kwa pamoja. Akifanya masomo mawili Agosti na mawili Desemba, na akifaulu yote, atamaliza ngazi mbili za kwanza kwa miaka mitatu. Na mwendo huo, ijapokuwa wenzake wasio na kazi wataona ni wa polepole, ni bora kuliko kujiandikishia masomo sita kwa pupa na kuanguka katika manne.

Nimesema kwamba kazi ni sehemu kubwa ya mafunzo, na yafaa nithibitishe. Chukua wakala wa Ujerumani aliyeilipa hoteli mwezi wa Mei fedha za vyumba vya wageni watakaofika Agosti. Fedha zimekwisha kuingia benki, na mtu asiyesoma atadhani kwamba hoteli imepata mapato ya Mei. Lakini kanuni ya kimataifa ya mapato, IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inasema kwamba mapato hayapatikani mpaka huduma itolewe, na kwa hiyo fedha zile ni dhima, deni la hoteli kwa wageni ambao hawajalala hata usiku mmoja. Katika daftari upande mmoja utaandikwa ongezeko la fedha benki na upande wa pili ongezeko la dhima, kwa utaratibu ule ule wa pande mbili ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494. Na Agosti, kila usiku mgeni anapolala, sehemu ya dhima hugeuka kuwa mapato. Mwanafunzi wa darasani hulikariri jambo hili, ilhali karani wa Diani huliona kwa macho yake, naye akijiuliza kila jioni sababu ya kila alichokiandika, hatalisahau kamwe.

Kadhalika kodi. Karani ajuaye kwamba kodi ya mishahara hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi ufuatao, kwamba kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 na hesabu yake hupelekwa kufikia tarehe 20, na kwamba juu ya hayo hoteli hutoza asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Utalii, huyo amekwisha kuingia katika somo la kodi kabla hajakinunua kitabu chake. Wala asiridhike kwa kujua kiasi na tarehe tu, maana mtahini humtaka aeleze sheria na kupiga hesabu ya mambo ambayo hoteli yake haijawahi kukutana nayo.

Wako wasemao kwamba karani mwenye kazi ya kudumu hana haja ya taabu hii. Historia ya Kwale, kaunti iliyo na Diani, yawajibu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988 na kuwaacha watu wake bila ajira. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizifunga hoteli za Diani. Na Desemba 2024 uchimbaji wa madini ya titani huko Kwale ulikoma baada ya takriban miaka kumi na moja. Kaunti yetu ina waajiri wakubwa wachache, na mmoja akianguka, mwenye cheti kinachotambulika nchi nzima huvuka feri nacho akatafute kazi Mombasa au Nairobi, ilhali mwenye uzoefu wa kituo kimoja tu hulazimika kuanza upya.

Kwa wenye hoteli nina ombi moja. Mtumishi anayesomea uhasibu anawaongezea ninyi usalama wa daftari zenu, na siku chache za mtihani katika Agosti, zilizojulikana tangu Mei na kupangiwa mtu wa kushika zamu, si hasara ya kuogopwa. Mpeni siku hizo, na mkiweza, msaidieni na ada ya mtihani.