Mti Ulio Karibu na Nyaya za Umeme

Leo tunazungumza juu ya kukata miti, lakini si ile ya msituni. Tunasema mti wako mwenyewe, ule mkaratusi au mgrevilea uliopanda mpakani mwa shamba, ambao sasa umekuwa mrefu na nyaya za umeme zinapita jirani yake.

Zamani mkulima wa Uluguru akitaka kuangusha mti alitazama mteremko na nyumba ya jirani, basi. Mtambo wa Kidatu ulipoanza kazi mwaka 1975, njia kubwa ya volti 220,000 ilipita Morogoro ikienda zake Dar es Salaam. Sisi wa milimani tuliitazama kwa mbali. Lakini Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimepanda milima. Ukienda Kinole, Matombo au Mgeta utaikuta nguzo katikati ya migomba, na waya unavuka bonde kutoka kilima hiki hadi kile. Ni jambo jema, taa zinawaka. Ila shoka letu bado ni lile lile la zamani.

Tuanze na waya wenyewe. Ule unaoingia nyumbani ni wa volti 230, nao unatosha kuua mtu. Ule wa juu, unaopita kijiji hadi kijiji, mara nyingi ni wa volti 11,000 au 33,000, na kwa kawaida hauna ganda lolote. Ni waya mtupu. Huyu umeme hangoji kuguswa. Tawi likikaribia sana, unaweza kuruka hewani ukalifikia.

Mkulima mmoja atauliza: mbona ndege hutua juu ya waya akaruka salama? Ndege ameshika waya mmoja tu, wala hagusi ardhi, kwa hiyo umeme hauna njia ya kupita mwilini mwake. Wewe uliyeshika shoka umesimama chini. Mti mbichi umejaa maji, na maji ya mti yana chumvichumvi, basi umeme hushuka nao mpaka mikononi mwako. Mwingine atasema: nguzo nayo si mti? Ni kweli, na nyingi ni mikaratusi iliyotoka Mufindi. Lakini nguzo imekaushwa, tena waya hauigusi, umekaa juu ya vile vikombe. Mti wako hauna vikombe. Na viatu vya mpira, ndugu zangu, ni vya tope. Msivitegemee kwa volti 33,000.

Sasa, utajuaje kama mti wako utaufikia waya? Macho hudanganya, hasa mlimani. Chukua kijiti kilichonyooka. Nyoosha mkono mbele yako, ukishike kijiti kikiwa wima, na sehemu iliyo juu ya ngumi iwe na urefu sawa na kutoka ngumi hadi jicho lako. Halafu rudi nyuma taratibu mpaka ngumi ionekane iko penye shina na ncha ya kijiti iko penye kilele. Hapo ulipo, hatua za kwenda mpaka kwenye shina ndizo urefu wa mti. Jambo moja tu: pima ukitembea usawa wa mlima, kama mtu anayefuata tuta. Ukipima ukiwa chini au juu ya mti, hesabu itakwenda upande.

Tuseme umepata mita 18. Sasa pima kutoka shina hadi chini ya waya ulio karibu. Kama ni mita 18 au pungufu, weka shoka chini, huo si mti wako wa kukata. Nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu, au upitie kwa mwenyekiti wa kijiji, waje mafundi wazime njia au waukate wenyewe. Usiseme "nitauvuta kwa kamba upande wa pili." Upepo ukigeuka, au shina likiwa limeoza ndani, kamba haitakusaidia, na watu walioishika watakuwa kwenye hatari ile ile. Kama ni kati ya mita 18 na 36, yaani urefu mara mbili, uliza kwanza. Kwetu Uluguru hii ya mara mbili ina maana kubwa, kwa sababu gogo halilali lilipoanguka. Huteleza, huviringika, huangusha na mti mwingine uliosimama chini yake. Najua kungoja mafundi kunachosha, hasa mnunuzi wa mbao akiwa ameshafika. Angoje naye.

Mti ulio mbali zaidi ya hapo unaweza kuukata mwenyewe. Fanya asubuhi, kwa kuwa mchana upepo hupanda mabonde. Usikate wakati wa mvua. Uangushe ulale kufuata usawa wa mlima, usiuelekeze bondeni. Upande utakaoangukia kata mdomo wa kina cha robo ya unene wa shina. Shina la sentimita 40, mdomo sentimita 10. Kisha kata kwa nyuma, juu kidogo ya pembe ya mdomo, na uache katikati ukanda usiokatwa wa sentimita 4 hivi. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango, ndio unaouongoza mti. Ukiukata wote mti utakwenda unakotaka wenyewe. Safisha mapema njia ya kukimbilia, kwa nyuma na pembeni, kamwe si upande wa chini.

Msisahau pia maembe na mafenesi. Upondo wa mwanzi mbichi wa kuangulia matunda ni hatari kama mti, na watoto ndio wanaoupenda.

Mti ukiisha kulalia waya, msiuguse, hata kama taa zimezimika kijiji kizima. Umeme unaweza kurudishwa wakati wowote bila ninyi kujua. Waya ukianguka chini, ardhi iliyouzunguka nayo huwa na umeme; watu na mifugo wakae mbali, mita 10 au zaidi. Aliye karibu nao asikimbie wala asipige hatua ndefu. Abane miguu pamoja na aondoke kwa kuiburuta kidogo kidogo, nyayo zisiachane. Mwenzenu akiwa amenaswa, msimshike. Mmoja awapigie TANESCO wazime, mwingine azuie watu njiani.